Nilivyomchonga Kalafati

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na hotuba tatu. Saa inakwenda vizuri. Hotuba zilitaja vyeo vyote nilivyopanda, hata vingine nilivyokuwa nimevisahau, lakini hakuna iliyotaja mti wa mlimau. Si kosa lenu, kwani hakuna aliyewahi kuwaeleza. Ninyi mmeikuta kazi ya chapa ikiwa na umeme na picha za kamera. Basi nawaandikia habari za miaka yangu ya mwanzo, wakati wa vita vikubwa, ili siku moja mkiona kibao cheusi kabatini msikitupe mkidhani ni ukuni.

Mimi sikuzaliwa kwenye wino. Nilikuwa mchonga milango kama baba yangu. Vita vilipoingia, mbao nzuri zikaacha kufika Mombasa, na mtu anayepimiwa mchele kwa kibaba hana haja ya mlango wa nakshi. Nilikaa barazani kwetu Kibokoni mwezi mzima na patasi zangu, nikichonga miiko ambayo mama hakuihitaji. Ndipo akaniita Bwana Taibali, Mhindi Bohora mwenye kiwanda kidogo cha chapa karibu na bandari ya kale. Alichapa kadi za harusi, lebo za chupa za marashi, na kila Ijumaa karatasi moja iliyokunjwa mara mbili ambayo yeye peke yake aliiita gazeti. Picha zake alikuwa akiziagiza ng'ambo, zimechorwa juu ya zinki. Sasa ng'ambo walikuwa na kazi nyingine ya kufanyia madini.

"Waweza kuchonga picha ndogo juu ya mti, nikaichapa?" akaniuliza.

Nikamwambia naweza. Sikujua naahidi nini.

Wiki ya kwanza ilipotea kutafuta mti. Mwembe ulinywa wino kama mgonjwa wa kiu. Mkoko ulipasuka. Mchuuzi mmoja wa matunda pale Marikiti akanielekeza kwenye shamba walilokuwa wakikata milimau mizee, na mlimau ukanikubali: mgumu, laini usoni, hauna nyuzi za kukwaza chombo. Kasoro yake ni wembamba. Kibao hakikuzidi kiganja, kwa hiyo picha zetu zote zilikuwa za kiganja, na watu wakadhani ndiyo mtindo wetu. Patasi za milango zilikuwa nene mno, nikanunua miavuli mibovu, nikachukua vile vijiti vyake vya chuma vyenye mfereji katikati, nikavinoa ncha. Hakuna chombo cha dukani kilichowahi kunipa mstari mwembamba kuliko mbavu za mwavuli.

Aliyenifundisha ni Kaitano, Mgoa, mpanga herufi wa Bwana Taibali. Alikuwa mtu mzima mwenye mgongo uliopinda kwa kuinamia visanduku vya herufi za risasi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa jina la gazeti, nami nililichonga kama nilivyoliona. Nilipolichapa, likatoka kinyume. Kaitano akaigeuza karatasi huku na huku.

"Athumani," akasema, "gazeti hili litasomwa na majini?"

Akanipa kioo chake cha kunyolea ndevu. "Katika kazi hii usiamini jicho. Tazama kwenye kioo, uchonge unachokiona humo."

Sasa niwaeleze habari za Rukia. Alikuwa dada yangu wa kunyonya. Mama yangu aliugua nilipozaliwa, na mama yake, Bi Kombo, akaninyonyesha pamoja naye. Kazi ya Rukia ilikuwa kuchora kofia. Alichora maua na nyota juu ya kitambaa cheupe, wanawake wengine wakashona kufuata mistari yake, na mkono wake haukuwahi kutetemeka. Mumewe, Saidi, alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia katika meli ya mizigo. Safari moja alirudi na kitabu cha picha alichopewa na baharia wa kigeni. Ndani yake mlikuwa na mtu mwenye nguvu za ajabu, akiruka angani kwa joho, akibomoa kuta kwa ngumi.

Kitabu kile nilimpelekea Bwana Taibali. Akakitazama asubuhi nzima, wateja wakingoja. "Tukipata hadithi ya namna hii kwa Kiswahili," akasema, "watu watanunua gazeti langu hata lisipokuwa na habari." Nami sikujua mtu wa kuchora ila mmoja.

Rukia alikifungua kitabu kile, akakunja uso.

"Huyu baba amevaa chupi juu ya suruali, na mbele za watu. Mamake yuwapi?"

"Ndivyo wanavyovaa mashujaa wao."

"Na kuruka huku, aenda wapi? Sisi mambo yetu yote yako majini." Akafunga kitabu. "Nipe siku tatu."

Siku ya tatu alinionyesha karatasi nane za penseli, nami nikaketi chini bila kukaribishwa. Shujaa wake aliishi Mombasa ya zama za Wareno. Mchana alikuwa kalafati, yule fundi wa kuziba nyufa za vyombo kwa pamba na mafuta ya papa yaitwayo sifa, na watu walimkwepa kwa sababu ya harufu. Hawakujua kwamba maji yalimtii. Aligusa ubavu wa chombo akajua kinavuja wapi. Alitembea chini ya bahari kama mtu atembeavyo Kibokoni, bila kuvuta pumzi. Manahodha wa Kireno walipojaza watu mateka kwenye meli zao, yeye alijifunga kikoi, akajipaka lami usoni, akatupia kipande cha tanga mabegani, akashuka. Jina hakumpa. Alikuwa Kalafati tu.

Bwana Taibali alifurahia Wareno kuliko vyote, kwani wamekufa zamani na hawawezi kuja kulalamika ofisini. Kaitano ndiye aliyeshika kiuno. "Jina langu la Kireno, dini yangu niliipata kwa Wareno. Maneno ya wezi hawa ayapange nani?"

"Wewe," akasema Bwana Taibali.

Akayapanga, na katikati akatia tusi moja la Kireno ambalo hakuna aliyelielewa, akacheka peke yake hadi jioni.

Ukurasa wa kwanza niliuchonga kwa majuma mawili. Tulipofunga vibao mashinani, nikakanyaga pedali, karatasi ikaingia nyeupe ikatoka ina bahari. Nimechapa maelfu kwa maelfu tangu hapo, lakini nikifumba macho naiona ile. Rukia hakuwahi kushuka kwenye maji yaliyompita magoti. Hata hivyo bahari yake aliichora kutoka chini: mwanga ukining'inia kama mashuka, matumbo ya meli yakipita juu kama mawingu, na mtu mdogo akitazama juu bila hofu. Mti nilikuwa nimeuchonga mwenyewe, mstari kwa mstari, nami nikaitazama karatasi kama mgeni. Kaitano alijifanya kikohozi kimemshika.

Ijumaa ile tulibandika nakala moja mlangoni. Kufikia adhuhuri njia ilikuwa haipitiki. Hamali mmoja asiyejua hata alifu alisimama mbele akiwasimulia wenzake picha moja moja kwa sauti, na maneno aliyoyatunga yalikuwa bora kuliko yetu. Wiki ya pili walikuja watu wa Tononoka, wiki ya tatu wakaja wazee ambao hawakuwa wakizungumza na Bwana Taibali kwa ugomvi wa ukuta. Wote walitaka kujua kama mateka wametoka.

Saidi aliziona kurasa nne za mwanzo akiwa pwani. Alicheka hadi machozi, kisha akamwambia mkewe, "Kalafati wako ajua maji, meli haijui." Akakaa naye siku mbili akimweleza: ngazi ya kushukia kwa wachochea moto, mlango wa chuma unaofungwa kwa nje, winchi ya kuinulia mizigo, giza la chini ambalo mtu hutembea kwa kusikia. Rukia hakuandika hata neno. Kisha Saidi akasafiri.

Ilipita miezi. Barua hazikuja. Wakati wa vita ilikuwa haramu kuulizia meli iko wapi. Ukienda ofisini unaambiwa ngoja, ukiuliza tena unaulizwa jina lako. Rukia hakulalamika. Lakini Kalafati alibadilika. Meli moja ya Kireno ilizama na mabaharia wake mateka, naye akaifuata. Wiki ya kwanza bado aliuona mwanga juu. Wiki ya pili haukuwapo. Ya tatu, ya nne, picha zikawa nyeusi, na weusi kwenye kibao ni mti usioguswa, kwa hiyo nilikuwa na machache ya kuchonga. Machache yale yalinitoa jasho. Vidole vitano juu ya ngazi. Mapovu. Sikio. Ukikosea mstari mmoja katika giza kama lile, kila mtu anauona. Wasomaji hawakupiga kelele tena mlangoni. Walisoma wakasogea, wakawapisha wengine, kama watu wapitao mbele ya jeneza.

Kila ukurasa wetu ulipitia ofisi ya ukaguzi kabla ya kuuzwa, na kila mara ulirudi na muhuri. Ukurasa wa tano wa meli hiyo haukurudi. Aliuleta mkaguzi mwenyewe asubuhi, Mwingereza kijana mwenye Kiswahili safi kilichonyooka kuliko chetu. Akauweka mezani kwa Bwana Taibali, akagusa picha ya katikati: mkono ukipiga mlango wa chuma, na upande wa pili nyuso zinazosikiliza.

"Hii si meli ya Wareno," akasema. "Wareno hawakuwa na milango ya chuma. Hawakuwa na winchi."

"Bwana, ni hadithi tu," akasema Bwana Taibali.

"Nani amewaambia habari za meli hiyo?"

Kaitano aliinua kichwa kutoka kwenye herufi zake. Sidhani alikuwa na nia yoyote mbaya. "Meli gani, bwana?"

Mkaguzi akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona akiwa mwekundu kuanzia shingoni. Mashine zilikuwa zimesimama, na sisi watu watatu tukasikia kile ambacho hakukisema. Kulikuwa na meli. Ilikuwa imezama. Haikuwa imetangazwa.

"Mtu huyu atoke majini," akasema hatimaye. "Wiki ijayo awe nchi kavu. Na atakayetoa neno nje ya chumba hiki atafungwa, na kiwanda hiki kitafungwa pamoja naye. Mmeelewa?"

Tukasema tumeelewa. Hakujua kwamba aliyechora alikuwa mke wa baharia, wala kwamba mtu huyo alikuwa shemeji yangu. Nami sikujua kwa hakika kuwa ni meli ya Saidi. Lakini nilihesabu miezi isiyo na barua, nikaweka vyombo chini.

Baada ya sala ya alasiri nilikwenda kupeleka amri. Bi Kombo alikuwa akishona kofia karibu na dirisha, Rukia ameinamia karatasi mpya.

"Dadangu, wamekataza."

"Wamekataza nini?"

"Kalafati asikae chini ya maji. Wataka awe nchi kavu wiki ijayo."

"Kwa nini?"

"Amri."

Akaweka penseli chini. "Nimezamisha meli nne za Kireno tangu tuanze, na zote wamezipigia muhuri. Hii ya tano ina nini?"

Nilikuwa nimefungwa mdomo kwa ajili ya Kaitano mwenye watoto sita, na kwa ajili ya mzee wa watu aliyenipa kazi nilipokuwa nachonga miiko. Niliitazama sindano ya Bi Kombo. Ilikuwa imesimama.

"Kakangu. Nitazame."

Nikamtazama. Sikusema kitu, na hicho ndicho kitu kizito kuliko vyote nilivyowahi kumwambia mtu.

"Basi," akasema taratibu. "Usiseme. Usije ukafungwa kwa ajili yangu. Wajua kama ni wote?"

"Wallahi sijui."

Hakulia. Alikunja karatasi aliyokuwa akiichora. "Siwezi kukaa eda, kwani sina mtu wa kunambia amekufa. Siwezi kumngoja, kwani nimeuona uso wako. Mimi niko wapi?"

Bi Kombo alikuja akamshika kichwa, nami nikatoka.

Wiki iliyofuata Rukia hakuleta kitu. Nilipomuuliza alisema maneno manne: "Sitamtoa majini peke yake." Bwana Taibali angeweza kumtafuta mchoraji mwingine, na wawili walikuja wenyewe kujipendekeza. Aliwakataa. Mahali pa Kalafati akaweka tangazo la sabuni, watu wakatutukana mlangoni kwa juma zima, naye akasimama pale na miwani yake akiyapokea matusi moja moja kama anapokea wageni. Mimi nilikuwa nikimwona mtu wa biashara tu. Tangu siku hiyo nilianza kumwamkia kwa namna nyingine.

Msimu mzima ulipita. Siku moja akaingia kiwandani mtu mwembamba mwenye makovu ya moto shingoni, akamuulizia nduguye Rukia. Jina lake Chengo, Mgiriama, alikuwa mchochea moto katika meli ya Saidi. Aliokotwa na meli nyingine, akalazwa hospitali ya bandari ya mbali, na ndiyo kwanza amerudi. Habari za meli zilikuwa sasa zimetangazwa kwa mistari miwili, bila majina ya watu. Nilivua aproni, nikampeleka Kibokoni.

Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti.

"Tulipigwa mchana," akasema. "Taa zikazima. Mlango wetu wa chini ukakwama, maji yanaingia, kila mtu apiga kelele kwa lugha yake. Serahangi alikuwa juu, mama. Mashua ilikuwa tayari, na nafasi yake imo. Akashuka. Tulisikia chuma kinagonga mlango, ukafunguka. Giza, hatuoni kitu. Akasema, 'Njooni kwa sauti yangu.' Akanishika hapa." Akagusa kifundo cha mkono. "Akanipandisha. Akarudi, akatoa wawili. Akarudi tena, akawasukuma wengine watatu kwenye ngazi. Akarudi."

Rukia aliinuka, akafungua sanduku lake, akatandaza kurasa nyeusi mkekani, wiki ya kwanza hadi ya tano. Chengo hakujua kusoma wala hakuwahi kuliona gazeti letu. Alishuka kitini akapiga magoti. Kidole chake kilipita juu ya ngazi, juu ya sikio, kikafika kwenye mlango wa chuma na mkono unaogonga, kikabaki pale.

"Nani alikuwako?" akauliza.

"Hakuna aliyekuwako," nikamjibu.

"Basi nani amewaonyesha?"

Nimeishi na swali lile maisha yangu yote ya kazi. Mkaguzi alidhani ni jasusi. Majirani baadaye walisema ni ndoto. Ninachokijua ni kwamba Saidi alimweleza mkewe meli kwa siku mbili, na kwamba mkewe alimjua Saidi. Alijua mlango ukikwama atakuwa upande gani. Zaidi ya hapo elimu yangu haifiki.

Rukia ndipo alipolia. Alipomaliza alichukua penseli, akamwambia Chengo, "Hao sita waliotoka na wewe umo. Nambia nyuso zao." Chengo akaeleza hadi magharibi: aliyekuwa na pengo, aliyekuwa na jicho moja dogo, kijana wa Kingazija aliyepoteza kofia akawa akiilalamikia kuliko meli.

Rukia akakaa eda. Ukurasa wa mwisho aliuchorea humo ndani, na Bi Kombo ndiye aliyenikabidhi mlangoni. Ulikuwa picha moja tu kubwa, ikabidi niunganishe vibao kumi na viwili vya mlimau. Ilikuwa bahari wakati wa mchana, tambarare, yenye mwanga, na vichwa sita vya watu vimetokeza juu ya maji vikivuta pumzi. Mahali popote peupe ni lazima mti uchimbwe, na ukurasa huu ulikuwa mweupe karibu wote. Nilichimba siku tisa. Mbavu za miavuli mitatu zilikatika. Kaitano alininolea vyombo bila kuombwa, na hakupanga herufi hata moja, kwa sababu Rukia hakuandika neno.

Mkaguzi aliutazama kwa muda mrefu. Akaupiga muhuri, akanirudishia kwa mikono miwili.

Siku ya kuchapa, Chengo alikuja na wenzake wawili aliowapata mjini. Nikakanyaga mashine, nikatoa nakala ya kwanza, nikaiweka mezani wino haujakauka. Watu wazima watatu wakainama. Mmoja alijiona, akavua kofia polepole. Mwingine akaweka kidole karibu na uso wake bila kuugusa, kama mtu aogopaye kumwamsha aliyelala. Nimewaona watu wakisoma barua za kheri na za shari, sijawaona tena wakisoma vile.

Bwana Taibali alikuwa akitafuta kitu. Alisogeza miwani, akapitia pembe zote nne za ukurasa.

"Kalafati yuko wapi?" akauliza. "Watu watatuuliza. Hayumo."

Aliyejibu ni Chengo, bila kuinua kichwa.

"Yuko chini, bwana. Bado anatoa watu."

Bwana Taibali akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati. Kisha akaniambia nianze kuchapa.